Nyama ya Mama Moshi

Mama Moshi alikuwa anageuza nyama ndani ya pipa huku machozi yakimtiririka kwa moshi, na pembeni mkate unaiva kwenye sufuria lenye makaa juu na chini, aliposikia mpangaji wa chumba cha kwanza akikohoa. Kikohozi kile cha makusudi wapangaji wote walikijua. Maana yake bwana afya yuko mlangoni.

Alifunika pipa haraka, lakini moshi haufichiki.

Jina la Mama Moshi majirani walimpa baada ya jiko la hospitali kupunguza wapishi na kuanza na yeye. Umeme ulikuwa unakatika ovyo, friji imegeuka kabati la nguo, na nyama kwa bei ile huwezi kuiacha ioze. Ndipo akaanza majaribio ya kukausha nyama kwa moshi, apate cha kuuza. Mara ya kwanza alitumia mabaki ya mbao ya mumewe, fundi seremala. Kumbe yalishapakwa vanishi, nyama ikanuka kama mlango mpya, ikaishia shimoni. Mara ya pili chumvi ilizidi. Safari hii alikata nyama vipande vyembamba, akavilaza kwenye siki, chumvi na pilipili manga, akatafuta kuni safi. Mchana angekuja mwenye kantini ya chuo kuonja. Akiridhika, angechukua nyama na mkate kila wiki. Kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kugusa, hata yeye mwenyewe.

Bwana afya aliingia, akasalimia vizuri, akaulizia watoto. Kisha akauliza kibali. Mama Moshi akamweleza, kwa mara nyingine, kwamba ofisini kwao aliambiwa kibali hakitolewi mpaka awe na chumba chenye vigae na bomba, na wenye vyumba hivyo hawampangishi mtu asiye na kibali. Bwana afya akatikisa kichwa kwa huruma. Utaratibu ndio huo, alisema, si yeye aliyeutunga.

"Hii nabeba yote, mama. Ikapimwe."

"Ile uliyobeba mwezi uliopita, majibu yake yametoka?"

"Bado."

"Jirani yangu alikuona unaipima njiani, kaka. Kwa meno."

Nyuma ya mapazia watu wakacheka chini chini. Bwana afya hakucheka. Alitoa mfuko wa plastiki, akaukung'uta, akasema kuuza chakula bila kibali ni kosa na asimlazimishe kuita askari.

"Kosa ni kuuza?"

"Ndiyo. Kuuza."

"Basi mimi siuzi."

Alifunua pipa, akawaita wapangaji.  Alianza na watoto, akaja kwa wazee, akamega na mkate ungali wa moto, kila mtu na kipande chake. Alijua fika anachokifanya: alikuwa anaigawa kantini. Lakini aliona heri ipotee mikononi mwake kuliko kuingia kwenye mfuko ule. Bwana afya alisimama katikati ya ua, watu wanatafuna pande zote na hakuna aliyemkaribisha. Akasema atarudi, akaondoka.

Mwenye kantini alipofika alikuta pipa tupu. Alisikiliza habari yote, akampa pole, na ilionekana ni pole ya kweli. Ila wanafunzi hawalishwi pole, alisema. Kuna kiwanda kinauza nyama ya pakiti, ina mihuri yote, atachukua huko. Akaaga.

Mume alirudi kula, akapewa na bibi wa chumba cha mwisho kipande alichowekewa. Alitafuna polepole, akasita, akatafuna tena.

"Mke wangu, safari hii umepatia," alisema. "Haina kasoro."

"Najua," alijibu Mama Moshi, akiendelea kusugua pipa. Hakuwa ameonja.