Nilimzika Mama Nikiwa Kazini

Kuvisha godoro kava ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika mdomo wa kava na kuvuta, mwingine anaikandamiza sponji kwa magoti na kuisukuma ndani, kisha wote wanakutana kwenye kona kufunga zipu. Ukiwa peke yako, ukivuta huku, kule kunatoka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na waliosema hivyo hawakuwahi hata kuliona godoro la futi sita.

Mwenzangu wa upande wa pili wa meza alikuwa Kiherehere. Jina alipewa na kiwanda kizima, naye akalipokea kwa mikono miwili. Ukitaka kujua nani kaachwa na mumewe, muulize. Usipotaka, atakwambia. Mimi nilikuwa mkubwa kwake, akiniita dada, na sauti yake nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyozoea redio ya jirani: inakera, lakini ikizimwa unashtuka.

Nyumbani nilikuwa na mama tu. Sikuolewa, sikuzaa, na wanaonihurumia kwa hilo huwa nawauliza kama wao wana raha. Tuliishi wawili kwenye vyumba viwili, tukigombana kila siku kuhusu dirisha: yeye anataka lifungwe, mimi nataka liwe wazi. Jumatatu moja alfajiri nilimkuta amelala upande, mkono umening'inia nje ya kitanda. Nilijua kabla sijamgusa.

Mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa Kiherehere.

"Mama amenitoka," nilimwambia. "Niombee ruhusa kwa msimamizi. Mwambie nimefiwa."

Alilia kwenye simu mpaka nikaanza kumbembeleza mimi. Halafu akasema, "Usiwe na wasiwasi, dada. Mambo ya kazini niachie mimi."

Nikamwachia.

Tulizika kesho yake. Walikuja majirani wachache, na binamu mmoja wa mama ambaye aliulizia kitanda kabla ya kuuliza marehemu aliugua nini. Kila gari liliposikika niliinua kichwa. Kiwandani kwetu mtu akifiwa, hata awe mfagiaji, wenzake hukodi gari wakaja kukaa naye. Mimi nimekwenda kwenye misiba ya watu ambao hata majina yao kamili sikuyajua, nikaosha vyombo mpaka mikono ikachubuka. Kwangu hakuja mtu. Majirani walipoondoka nilikaa mlangoni mwa chumba cha mama nikaona aibu, aibu kabisa, ya mtu aliyegundulika kuwa hana watu.

Ndiyo maana niliporudi kazini Alhamisi sikwenda kwenye meza yangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, tuliyemwita Bwana Saa kwa sababu hakuweza kumtazama mtu bila kutazama na mkono wake.

"Nimemzika mama yangu," nilisema, na sikupunguza sauti, "na hakuna hata mmoja wenu aliyekanyaga kwangu. Hata simu ya pole! Kwani mimi ni mbwa?"

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Bwana Saa alinikodolea macho.

"Umemzika lini?"

"Juzi, Jumanne."

"Jumanne ulikuwa kazini," alisema. "Na Jumatatu. Na jana. Kadi yako ya mahudhurio imepigwa asubuhi na jioni, na magodoro ya meza yenu yametoka yote."

Niligeuka. Kiherehere alikuwa ameinamia kava ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Vidole vyake vitatu vilikuwa vimefungwa vitambaa, na kucha ya kidole gumba imeng'oka. Nikaelewa. Mdomo wangu ulikuwa umeshatuponza sote wawili.

Alinieleza chooni, huku analia. Wiki iliyotangulia Bwana Saa alikuwa ametangaza kwamba meza itakayopungukiwa mtu itavunjwa, na atakayebaki apelekwe kukata sponji, ambako vumbi linakaa kifuani mwaka mzima.

"Niliogopa watatutenganisha, dada. Nikasema siku tatu tu, nitaziba pengo. Nilikuwa navuta kwa meno. Aliyekuulizia nilimwambia umekwenda stoo. Hakuna aliyegundua!"

Kwa hiyo hakuomba ruhusa. Wala hakumwambia mtu habari za msiba, maana wangejua sipo. Yeye, Kiherehere, aliufunga mdomo wake siku tatu nzima, na mimi nikazika bila watu kwa sababu kwenye mashine ya kadi nilikuwepo. Sikujua nimkumbatie au nimzabe kofi. Nikaishia kumfunga upya kitambaa cha kidole.

Mchana ule niliitwa na afisa utumishi, mtu mpole, mwenye sauti ya kulaza watoto. Alinifafanulia vizuri. Kufiwa si kosa, alisema; siku za msiba ni haki ya mfanyakazi na zinalipwa, mradi atoe taarifa. Asipotoa, kuna onyo. Lakini kupigiwa kadi ni udanganyifu, na udanganyifu adhabu yake ni kufukuzwa.

"Jumatatu tutakaa kikao; mpaka siku hiyo ukae nyumbani," alisema. "Una haki ya kusikilizwa kabla hatujaamua lolote. Una haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako akusindikize. Tunamshuku mtu, ila hatumfukuzi mtu kwa shaka tu. Na ukimtaja aliyekupigia kadi, tukaona hukumtuma wewe, unarudi kwenye meza yako."

Sijawahi kuwa na haki nyingi kama siku ile. Mtu wa kunisindikiza nilikuwa naye mmoja tu.

Kiherehere alikubali kabla sijamaliza kumwomba. Sikumwambia aseme nini. Nilijua kwamba mimi sitamtaja. Mtu aliyevuta magodoro kwa meno ili asitenganishwe nami, nitamtoaje kafara? Lakini nilitaka ajitaje mwenyewe. Nililitaka hilo kuliko hata kazi. Akishasema tu, nami ningesimama niwaonyeshe vile vidole, niwaulize huyu aliiba nini hasa, na magodoro yenu yote anayo mnunuzi? Tupone wote au tuzame wote.

Kikao kilikaa kwenye chumba chenye feni na glasi za maji ambazo hakuna aliyezigusa. Afisa utumishi na Bwana Saa upande mmoja, sisi wawili upande wa pili, kama mezani kwetu.

"Ulitoa taarifa ya msiba?"

"Nilitoa, alfajiri ileile."

"Kwa nani?"

Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa anaitazama glasi yake. Nilingoja, na Bwana Saa akatazama mkono wake, nikaendelea kungoja.

"Siwezi kusema," nikasema.

"Aliyepiga kadi ni nani?"

"Hilo nalo siwezi."

Afisa akamgeukia Kiherehere. "Msindikizaji, una la kuongeza?"

"Sina," alisema.

Mtu ambaye ukimuuliza saa anakuhadithia harusi ya fundi saa! Walitutoa nje, tukasimama kwenye korido, wakatuita tena. Nikafukuzwa, kuanzia saa ile.

Alinifuata mpaka getini, akinishika mkono wa gauni.

"Nisamehe, dada. Wanangu…"

"Wanao nawajua. Nimewapangusa kamasi."

"Nitafanyaje mimi bila wewe? Na yule waliyenipa hata nguvu hana, mikono laini kama ya bibi harusi, Ijumaa Bwana Saa alipomleta nimwonyeshe meza nilimwambia kabisa, huyu hataweza…"

"Ijumaa?"

Akaziba mdomo kwa vile vidole vyake.

"Walimleta wa kushika nafasi yangu Ijumaa," nilisema polepole, "na kikao kimekaa leo. Ile haki ya kusikilizwa kabla hawajaamua, iko wapi? Njoo uyaseme hayo ofisi ya kazi, kwa watu wa serikali. Hayo tu. Ya kadi hutayagusa."

Alimtazama mlinzi, akatazama kule ndani. Nilimwona anataka. Nitamtetea kwa hilo hata mbele ya wanaomsema: alitaka.

"Mimi mambo ya maofisini siyawezi, dada," alisema.

Kengele ya zamu ililia. Nikamwambia arudi asije akachelewa, akarudi, tena mbio.

Ofisi ya kazi nilikwenda peke yangu siku ileile, kabla hasira haijapoa, maana najijua: ikipoa hubaki huzuni, na huzuni hainiamshi kitini. Nilikaa kwenye benchi mpaka nikaitwa na binti mmoja mwenye miwani, ambaye angeweza kuwa mwanangu. Alinisikiliza vizuri. Nilipofika kwenye habari ya Ijumaa aliacha kuandika.

"Hapo wamekosea sana, mama. Nani atathibitisha?"

"Yupo mtu, ila siwezi kumleta."

"Bila shahidi litakuwa neno lako na neno lao. Kesi inaweza kuchukua muda mrefu, na unaweza kushindwa."

"Andika langu."

Akaandika. Aliandika jina langu, kazi yangu, mtaa wangu, kila kitu nilikuwa na jibu lake. Halafu akauliza namba ya ndugu au mtu wa karibu, wa kupigiwa simu nikikosekana.

Nilifikiri. Nilifikiri kwa bidii, mpaka akainua kichwa kunitazama.

"Ruka hapo," nilimwambia.