Jeni ya Kahawa Tungu

Ruweida alikuwa ametafuta chanzo cha kisukari kwa muda mrefu, kwa hivyo siku alipodhani amekiona hakuvumilia. Kabla ya kuwaonyesha wenzake wa maabara, alimpigia simu ami yake Abdulghafur, mgonjwa wa kisukari akaaye Mji wa Kale, Mombasa.

"Ami, nimepata aina moja ya jeni! Wagonjwa wangu karibu wote wanayo. Wazima, wachache mno."

"Alhamdulillahi," akajibu mzee. "Basi halwa haina makosa."

Asubuhi yake Dama, mtaalamu wa takwimu wa maabara, aliyatazama matokeo, akauliza wagonjwa walitoka wapi.

"Kliniki ya Mji wa Kale."

"Na wazima?"

"Wapakiaji wa malori, Makupa."

Dama, Mgiriama asiyewaachia Waswahili utani, akatabasamu. Washiriki walikuwa wameulizwa pia kuhusu vinywaji vyao. Akauweka ugonjwa kando, akailinganisha jeni ile na unywaji wa kahawa tungu, ile chungu inywewayo barazani Mji wa Kale. Uhusiano ukatokea mkubwa zaidi.

"Hongera, dada. Umegundua jeni ya kukaa barazani."

Ruweida alicheka, uso ukimwaka. Wagonjwa wake wengi walikuwa wa koo zilizooana na Waarabu tangu zamani. Wapakiaji wengi, Wamijikenda. Jeni ile ilitambulisha asili ya mtu, basi. Alikuwa amelinganisha koo akidhani analinganisha afya.

Jioni akaenda kwa ami yake kukiri.

"Lo! Nami nimeshawaambia msikiti mzima wawalaumu babu zao," mzee akalalamika. "Sasa wataka nini?"

"Wazima wa mtaa huu, ami, watoe damu."

"Wazima? Hapa labda muadhini."

Muadhini akaja, akawaleta na wenziwe. Dama naye akapata wagonjwa wa Makupa. Kisha wakakadiria asili ya kila mtu kwa alama nyingi za jeni zake, wakaiingiza katika hesabu, ili mgonjwa alinganishwe na mzima wa asili kama yake.

Jeni aliyoiona Ruweida ikapoteza kabisa uhusiano na kisukari. Ikajitokeza nyingine, hafifu, ambayo hakuwahi kuijali, nayo ilikuwa kwa wagonjwa wa pande zote mbili.

"Tusherehekee?" akauliza kwa woga.

"Kwanza tuitafute kwa wagonjwa wa Lamu," akasema Dama. "Ikiwako na huko, pilau juu yangu."

Ruweida akavuta kiti, akaanza kuwaandikia watu wa kliniki za Lamu.