Gramafoni Inayoning'inia

Sindano ya gramafoni iliruka tena, palepale. Hidaya aliinyanyua upesi kabla haijaikwaruza santuri zaidi. Santuri yenyewe ilikuwa moja tu, na ndani yake mlikuwa na sauti ya baba yake, Ayoubu, aliyekwenda Bukavu kurekodi wimbo Hidaya akiwa bado ananyonya. Msafiri aliileta santuri Kasongo, lakini Ayoubu mwenyewe hakurudi. Hidaya hakuikumbuka sauti ile, na ubeti wa mwisho hakuwahi kuusikia, maana kila siku nyuma ya ukuta mama yake, Aziza, alikuwa akitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, na sakafu nzima ilitetemeka.

"Mama, pumzika kidogo basi!"

"Tutakula nini, mwanangu? Disiki hiyo ya baba yako?"

Huyo ndiye Aziza: ukimwomba kitu, anazidisha mapigo ya mchi. Lakini Hidaya naye hakuzaliwa na mwingine. Aliihamishia gramafoni kwenye meza nzito, akidhani uzito utaituliza. Meza ikapandisha kila kishindo hadi kwenye sindano. Akaitandikia godoro, ikayumba kama mlevi. Mumewe Ramazani, dereva wa pikipiki, alicheka hadi machozi.

"Cheka tu," Hidaya akamwambia. "Nipe ile mipira unafungia mizigo."

Ilikuwa mipira ya ndani ya tairi, iliyokatwa vipande virefu. Njia ya kwenda Wamaza, anayopita Ramazani, ina mashimo ya kuvunja mgongo, ila mayai yaliyoning'inizwa kwa mipira hiyo hufika mazima. Hidaya aliifunga kwenye boriti, akaning'iniza ubao, akaweka gramafoni juu yake. Ubao haukugusa ukuta wala sakafu.

Akashusha sindano. Wimbo ulipokaribia palepale, mchi ulianza kupiga kwa nguvu, harakaharaka, na hapo Hidaya akagutuka: kila mara mama yake hutwanga hivi wimbo ukifika hapa. Safari hii sindano haikuruka.

"Aziza, ningoje," baba yake akaimba, kwa sauti ya kijana mdogo kuliko Hidaya mwenyewe. "Ningoje, niko njiani."

Hidaya akalia kwa furaha, na kwa uchungu pia. Nyuma ya ukuta kukawa kimya. Mama yake akaingia, mikono imejaa majani ya sombe.

"Umesikia sasa," akasema. "Sikutaka usikie. Alisema nimungoje, na mimi, mujinga, nikamungoja."

"Nizime, mama?"

Aziza alikaa chini, karibu kabisa na ubao.

"Hapana. Weka tena. Nimechoka kumungoja peke yangu."