Kioo cha Nyuma

"Cha nyuma sichukui tena," Nurdini, mnunuzi wao wa vioo, alisema, akalisukuma gunia kwa mguu. "Kiwanda kimekirudisha. Eti kina madini ya risasi, yale ya kwenye betri za gari. Yanaharibu damu."

Zuleha alikuwa amechuchumaa uani kazini kwao, pale Zuzu, nyundo mkononi, tivii ya chogo, zile za zamani, imelala kifudifudi mbele yake. Mwaka wa pili huu anazivunja. Kioo cha mbele na gunia lake, cha nyuma na gunia lake. Hicho cha nyuma ndicho chenye vumbi jeusi linalonata vidoleni kama masizi ya sufuria.

"Yanaharibu damu ya nani?"

"Ya nani tena? Ya anayeyala."

Ruthu, aliyekuwa akichuna nyaya pembeni, aliangua kicheko. "Nani ale kioo, Nurdini? Makubwa haya!"

Zuleha hakucheka. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita, na kwenye ncha ya khanga alikuwa amefunga fundo la pemba, ule udongo wanaotafuna wajawazito. Nusu saa haipiti hajaumega. Anaumega kwa mikono gani? Hii hii! Glavu hakuzitaka, zinateleza. Alitema mate. Akatema tena mpaka kinywa kikakauka.

"Zule, vipi?"

"Mtoto hajacheza leo."

"Toka asubuhi unagonga nyundo, ungemsikia saa ngapi?" Ruthu alisema, lakini sasa naye hakuwa anacheka.

Zuleha alifika zahanati akihema. Nesi Gladness alimlaza, akamwekea tumboni kile chombo cha kusikilizia, akainamisha sikio. Alikaa hivyo muda mrefu, jamani.

"Mapigo yapo."

"Na damu yangu? Na yake?"

"Kipimo hicho hapa hatuna, mama. Kesho nenda hospitali mjini. Nikikwambia uko salama nitakuwa nakudanganya. Pemba acha leo leo, na hiyo kazi."

Njiani mtoto alipiga teke, moja tu, la nguvu. Zuleha alisimama katikati ya njia, na badala ya kufurahi akaogopa zaidi. Yupo, yu hai, na mama yake amekuwa akimlisha nini?

Alipofika nyumbani, Munira, bintiye wa miaka mitatu, alimwona kutoka mlangoni. Akaja mbio, mikono wazi, aikumbatie khanga ya kazini kama kila jioni.

"Usiniguse!"

Mtoto aliganda. Zuleha aliivua khanga akaitupa mbali, akachota maji, akasugua mikono kwa sabuni, kwa mchanga, kwa sabuni tena. Miaka miwili amembeba huyu kwa mikono hiyo. Amemlisha ugali kwa vidole hivi, tonge baada ya tonge, na kumfuta midomo.

"Mama, nije?"

Alizitazama kucha zake. Akachota kata nyingine.

"Ngoja, mwanangu. Ngoja kwanza."

Munira alingoja hatua tatu tu kutoka kwake, mikono bado wazi.