Kidato cha Bibi Bienvenida

Ijumaa alasiri Djoya Nahmias alikuwa akipanda ngazi na sufuria ya mayai yaliyochemshwa kwa maganda ya vitunguu, akamkuta bibi yake Bienvenida ameketi kwenye kidato cha nne. Bibi alifariki kabla ya vita, akazikwa katika makaburi ya zamani ya Wayahudi wa Salonika. Wakati wa vita makaburi yalivunjwa, na mawe yakabebwa na kila aliyekuwa na nyumba ya kujenga.

"Tangu uhamie hapa unanikanyaga, mjukuu wangu."

"Sikujua, Bibi. Twende juu ukale."

Bibi akajaribu kuinuka. Nyayo hazikubanduka. Kidato kilikuwa jiwe la kaburi lake, maandishi yameelekea chini.

Mwenye nyumba, Bwana Thanasis, alishuka, akamvulia bibi kofia.

"Pole, mama. Lakini nyumba nimeinunua hivi hivi."

"Nipe kidato kimoja tu," Djoya akamsihi. "Nikamzike upya."

"Kidato ni mguu wa nyumba, dada. Umeona wapi mtu akakatwa mguu, akaenda zake?"

Meli ya Haifa ambayo Djoya alipaswa kuipanda ilikuwa karibu kung'oa nanga, na Leon, mumewe, alikwisha kutangulia huko. Lakini katika ukoo mzima Djoya ndiye pekee aliyerudi kutoka kambi ya mauaji, na bibi ndiye pekee aliyewahi kuwa na kaburi. Thanasis alipokwenda kunywa kahawa, Djoya akaleta fundi.

"Inua miguu kidogo, bibi," fundi akasema.

"Ningeweza, ningekuwa nakungoja hapa?"

Fundi akagonga. Kidato kikalegea, ukuta ukapasuka ufa, na chini ya kidato akalia mtoto. Bibi akaushika mkono wa fundi.

"Acha. Jiwe la huyu mtoto ndilo linalonibeba. Nami nawabeba wa juu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka darini."

Fundi akakusanya vyombo vyake. Meli ikaondoka. Leon akangoja, kisha akachoka kungoja. Wapangaji walizoea kusema, "Tupishe, bibi," ingawa mbeba makaa alinung'unika kila mara.

Kila Ijumaa Djoya alikula palepale ngazini.

"Ungekwenda zako," bibi alimwambia.

"Nikuache ukanyagwe na wageni?"

"Sasa si unanikanyaga wewe?"

Baridi ilikuwa inaingia, na chumba cha Djoya kilikuwa juu. Akavua viatu, akaomba radhi, akapanda.