Safu ya Pili, Chini ya Rangi

Hebu mwone Ardith hapo mezani jikoni, mikono imezunguka kikombe cha kahawa anayoinywa bila kuionja, na mbele yake Bwana Haskins, mnunuzi, anapindua picha moja moja, mgongo kwanza, maana wakusanyaji wa picha za magazeti hutazama mgongo kabla ya uso, mhuri wa tarehe, kikaratasi cha maelezo kilichobandikwa, mchezaji mwenyewe baadaye... na Delbert, mumewe, alikuwa hivyo hivyo, siku ya kwanza alipomkaribisha kwake Toledo alimwonyesha migongo kumi na miwili ya picha za besiboli kabla ya kumpa hata soda, na Ardith akamwuliza, "Wewe, hawa watu wako hawana nyuso?" Delbert akacheka mpaka akakaa chini, na sasa ni wiki tano tangu wamzike, Ardith hajalia, friji inanguruma, mle ndani bado kuna mabakuli matatu ya tambi za wanawake wa kanisani, ayarudishe, kila moja lina jina limebandikwa chini, hata mabakuli yana migongo... "Mumeo alinibishia kila picha miaka ishirini, mama," Haskins anasema, "leo ndiyo mara ya kwanza ananyamaza," kisha anasikia alichosema, anakohoa, "Nisamehe," na Ardith anajibu, "Usijali, angecheka," na kweli angecheka, ila maneno yanatoka kama ya mtu aliye chumba cha pili. Sasa Haskins ameishika picha ile moja. Mchezaji anateleza kwa tumbo kuelekea kituo cha tatu, vumbi limesimama hewani tangu mwaka 1957, na nyuma yake, palipokuwa na watazamaji, pamekuwa ukuta wa kijivu, mchoraji wa gazeti aliwafunika wote kwa rangi ili mchezaji aonekane vizuri, na Delbert alikuwa akiweka kidole pale, juu kidogo ya bega, "Mimi nipo hapa chini ya rangi, Ardie, safu ya pili, miaka kumi na tisa, na nywele ninazo!" na Ardith hajawahi kuuona uso ule wa miaka kumi na tisa, picha zote za ujana wake ziliharibika chumba cha chini cha mama yake kilipofurika... "Rangi hii ni ya maji tu," Haskins anasema, tayari ana kipande cha pamba, amekilowesha kwenye bomba, "dakika mbili, jukwaa zima linarudi, nioshe?" na pamba inadondosha tone mezani, dakika mbili tu, atamwona, mwembamba labda, mdomo wazi kwa kelele, wala hajui kwamba kuna mtu anaitwa Ardith duniani... lakini Delbert aliosha picha nyingine ngapi, mezani hapa hapa, pamba zikijaa kwenye sahani, na hii hakuigusa miaka arobaini, Ardith akamwuliza, "Mbona hii huioshi, mzee?" akasema, "Halafu nikute mtu mwingine kwenye kiti changu?" na Ardith alidhani ni mzaha, alikuwa anakausha vyombo, hakugeuka kumtazama usoni, kumbe aliogopa, mtu mzima yule, aliogopa, na kila jioni alirudi kuweka kidole pale pale kwa sababu chini ya rangi hakuna awezaye kumwondoa... "Mama? Nioshe?" "Hapana," anasema, na sauti hii ni yake, ya chumba hiki hiki, "hiyo niachie mimi." "Bila kuosha hutajua kama yupo." "Ndiyo," anasema, "najua." Haskins bado ameishika pamba, friji bado inanguruma, Ardith anakunywa tena na kahawa ni baridi, chungu, anaionja, na kidole chake kinateremka polepole juu ya picha. Nawe ukimkumbuka Ardith, tafadhali kumbuka tu mahali kidole kilipotua: safu ya pili, juu kidogo ya bega.