Kikohozi Kabla ya Ubeti wa Tatu

...na si kwamba anaumwa, hapana, kifua kizima, koo zima, asubuhi kanywa maji ya moto na tangawizi kama mtu mwenye adabu zake, sasa hicho kikohozi kimetoka wapi, kimoja tu, kikavu, kabla ya ubeti wa tatu wa wimbo wake mwenyewe, alioutunga mwenyewe, kitandani kwake mwenyewe, na fundi mitambo kule upande wa pili wa kioo kabonyeza kitufe, sauti yake inaingia kwenye hedifoni kama ya mtu aliyepanga chumba ndani ya sikio, "Kaka, hapo umekohoa. Nikate au niache?" swali la sekunde moja, mtu mwenye akili timamu angesema kata twende, lakini yeye kasimama tu ndani ya kibanda cha kurekodia, sponji nyeusi ukutani hadi darini, maiki puani, taa nyekundu inawaka, kasimama, kwa sababu kikohozi hicho anakijua, si chake, ni cha Dhahabu, marehemu Dhahabu, mwimbaji wa kwanza wa bendi alikotoka yeye, aliyekohoa mara moja tu kwenye rekodi, enzi za kanda, kabla ya ubeti wa tatu wa wimbo ule ambao harusi isipoupiga watu wanauliza kama kuna msiba, na kurudia rekodi siku hizo ilikuwa shughuli ya kutwa, wakakiacha, watu wakakipenda kikohozi kuliko maneno, hata alipokufa Dhahabu bendi ikatafuta mtu wa kuja kukohoa badala yake, honestly, kazi ndiyo ilikuwa hiyo, na aliyeipata ni yeye, msomi, digrii ya takwimu, upper second if you please, kapeleka maombi ya kazi kila ofisi yenye mlango, we will get back to you, mpaka leo wanarudi, labda wanakuja kwa miguu... akaenda kwenye majaribio ya bendi kama mtu anayemsindikiza mwenzake, akaimba, Mzee wa Besi, kiongozi wao, akamsikiliza kafumba macho, akasema, "Sauti unayo, mwanangu. Kikohozi je?" wakacheka wote, na yeye akacheka, akidhani ni utani, kumbe mzee yule haingizi besi kwenye ubeti wa tatu mpaka asikie kikohozi, ndiyo ishara yake, ndivyo walivyozoeana na Dhahabu tangu ujana, na ile siku alipogoma, kiburi cha usomi, leo sikohoi, leo mtanisikia mimi, mzee akaacha nyuzi, wenzake wakazunguka na kipande kilekile kama gari kwenye tope, watu ukumbini wanatazamana, na mzee kamgeukia tu, hana hasira, anangoja, anangoja, mpaka koo likasalimu amri, akakohoa, besi ikaingia, ukumbi ukalipuka, na mlangoni shabiki mmoja akamwambia mwenziwe bila hata kushusha sauti, "Spea leo kapiga kama orijino," Spea, ndilo jina walilompa, la cheti hakuna anayelijua, mtu amesoma miaka yote hiyo kuja kuitwa kifaa cha gari... "Kaka? Unanipata?" anampata, sana tu, anainua kidole, ngoja kidogo, fundi anarudi kwenye simu yake, uso wake wa bluu kwa mwanga wa skrini, hana habari kwamba huu ndio wimbo wa mwisho wa albamu, wa mwisho wa kujaribu, kwamba akisikika humu pia kama Dhahabu basi hakuna tena sauti yake ya kuitafuta, maana mmoja wa hizo nyingine alizorekodi peke yake alimpelekea mama yake kwenye simu, mama aliyemzaa, aliyemnyamazisha usiku, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, huu wa Dhahabu sijawahi kuusikia. Ni wa zamani sana?" akajibu, ndiyo, Mama, wa zamani, ungesema nini, ungemtolea vyeti... na siku ya kuaga bendi alimwambia Mzee wa Besi, I need my own voice, kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiswahili angelia, na mzee huku anafuta gita lake kwa kitambaa kilekile cha siku zote akasema, "Nenda, baba. Ukiipata uje utuambie inafananaje," basi ndio huku kuipata, kibanda kama kabati, ngoma zimo kwenye kompyuta, magitaa yamo kwenye kompyuta, besi anaipiga fundi kwa vidole viwili juu ya kibodi huku anatafuna bigijii, kila kitu kinakuja kwa wakati, hakuna anayemngoja mtu, na hapo ndipo anapoigundua, si kikohozi, shingo, shingo yake imegeuka kushoto, tangu alipokohoa imegeuka na bado haijarudi, kushoto, anakosimama mzee jukwaani siku zote, na kushoto hapa ni sponji, karibu na pua, ina harufu ya vumbi na jasho la waimbaji wengine, kwa hiyo hakukohoa kama Dhahabu, alikohoa kumwita mtu, na Dhahabu naye, ewe Dhahabu, nani alisema ulikohoa kwa ajili ya mashabiki, ulikuwa unamwita rafiki yako aingie, basi, kila mlipoupiga wimbo ule, maisha yako yote, na kila ukimwita anaingia, na yeye Spea ndiye aliyekuwa akiitikiwa kila Jumamosi, bila hata kujuana vizuri, bila kuulizwa jina, akadhani anaibiwa sauti... taa bado nyekundu, fundi anainua uso, "Bosi, nikate au niache?" "Acha," anasema, na sauti inamrudia kwenye hedifoni, nyembamba kuliko alivyozoea, ina mkwaruzo chini, hajui ni ya nani, "Poa. Halafu besi niiingize hapohapo baada ya kikohozi?" shingo bado iko kushoto, "Hapana, hapo paache wazi, nitaingia bila besi," "Patakuwa na shimo, kaka," "Najua," anasema, "usipazibe, hapo pana mwenyewe," na fundi anabonyeza kitufe, wimbo unarudi nyuma kidogo, unaanza kuja.